Rafu Tupu Huanzia Kwenye Ankara Isiyolipwa

Mteja akiingia supamaketi akakuta pengo kwenye rafu, mahali alipozoea kukuta achari, unga au sabuni anayoitumia nyumbani siku zote, hudhani kwamba lori limeharibika njiani, au kiwanda kimeishiwa na malighafi, au sisi wa ofisini tumezembea. Yote hayo hutokea. Hata hivyo, katika miaka niliyofanya kazi ya umeneja wa ugavi katika supamaketi zenye matawi Nairobi, Mombasa na miji mingine ya Kenya, nimejionea kwamba pengo linalodumu, lile ambalo mteja hulikuta wiki hii na kulikuta tena mwezi ujao, aghalabu halikuletwa na lori wala kiwanda. Limeletwa na ankara ambayo haijalipwa. Msambazaji alileta mali, akangoja fedha zake, akapiga simu, akaahidiwa, akangoja tena, na mwishowe akaupeleka mzigo wake kwa mnunuzi mwingine anayelipa. Wengi katika kazi hii tulifundishwa kwamba malipo ni shauri la idara ya fedha, na kwamba sisi kazi yetu ni kuagiza, kupokea, kuhifadhi na kusambaza. Mimi siafiki. Meneja wa ugavi asiyejua msambazaji wake anadai kiasi gani, na anadai tangu lini, hajui hali ya rafu zake, hata kama kompyuta inamwonyesha kila chupa iliyomo ghalani.

Kenya imeliona jambo hili likitokea hadharani zaidi ya mara moja. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilifunga milango Juni 2006, ikafufuliwa mwezi uliofuata, kisha Oktoba 2015 ikajiondoa Tanzania na Uganda. Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro mjini Nakuru, ilikua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda; Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Mwaka huohuo Tuskys nayo ikaanza kuyumba waziwazi. Kila moja ilikuwa na matatizo yake, ya umiliki, ya uongozi na ya ushindani, na si haki kuyaweka yote kwenye kapu moja. Lakini kwa sisi tunaotazama rafu, mpangilio wa matukio ulifanana mno. Kwanza wasambazaji wakubwa walianza kudai walipwe kabla ya kushusha mzigo. Kisha wadogo, wasio na nguvu ya kudai hivyo, wakaacha kuja kimyakimya. Halafu ukaona rafu nzima ya mafuta ya kupikia imepangwa chupa za maji ya kunywa, kitako kwa kitako, na nyuma yake hakuna kitu, kwa sababu maji ndiyo yaliyopatikana na meneja wa tawi hataki mteja aone mbao tupu. Nilipoanza kuona maji mahali pa mafuta katika duka lolote, sikuhitaji kusoma hesabu zake za mwaka.

Chanzo chake ni rahisi kukieleza. Supamaketi hupokea maziwa leo, huyauza kesho kwa fedha taslimu au kwa M-Pesa, na humlipa mwenye maziwa baada ya siku 30, wakati mwingine 60 au 90. Katika muda huo fedha za mwenye maziwa zimo mikononi mwa duka, bila riba wala dhamana. Hakuna ubaya katika hilo ikiwa muda umekubaliwa na unaheshimiwa. Biashara ya rejareja duniani kote huendeshwa hivyo, na faida kwa kila pakiti ni ndogo kiasi kwamba bila nafasi hiyo maduka mengi yasingeweza kujaza rafu zao. Ubaya huanza pale uongozi unapozitazama fedha hizo na kuziona ni zake. Hujengwa tawi jipya, hununuliwa majokofu, hulipwa kodi ya jengo la kifahari, na tawi hilo litahitaji miaka kabla ya kurudisha gharama, ilhali mwenye maziwa anatakiwa alipwe mwisho wa mwezi. Ili kumlipa huyo, hucheleweshwa mwenye mkate. Ili kumlipa mwenye mkate, hucheleweshwa mwenye sabuni. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga ya supamaketi huwahusu watu wengi ambao hawakuhudhuria harusi hiyo.

Hali hii naifahamu pia kutoka upande wa pili, kwa maana kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya karani wa mauzo katika kiwanda kidogo cha achari huko Mombasa. Mwenye kiwanda alikuwa mama wa makamo ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Achari ya embe ni biashara ya msimu. Maembe ya Pwani huanza kushuka kwa wingi kuanzia Novemba, na mkulima wa Malindi au Kilifi hauzi kwa ahadi; ukifika shambani kwake bila fedha mkononi, dalali aliyekuja na fedha anayachukua. Kwa hiyo Bi Mkubwa alilazimika kununua maembe ya mwaka mzima katika majuma machache, kuyakata, kuyaanika, kuyatia chumvi na kuyahifadhi kwenye mapipa, kisha kuyatoa kidogokidogo kadiri oda zilivyokuja. Chupa za kioo alizinunua kwa fedha taslimu. Pilipili, siki na mafuta vilevile. Wafanyakazi walilipwa kila Jumamosi. Mtu pekee ambaye hakulipa papo hapo alikuwa mnunuzi wake mkubwa kuliko wote, yaani supamaketi.

Tuseme kiwanda kama hicho kinapeleka bidhaa za shilingi 600,000 kila mwezi kwa mnunuzi anayelipa baada ya siku 90. Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, mwenye kiwanda ameshatoa mali ya shilingi 1,800,000. Hapo bado hatujataja kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, na hutakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata ule wa mauzo, awe muuzaji amelipwa au hajalipwa. Mzigo uliopokelewa tarehe 5 Machi unadaiwa kodi yake ifikapo tarehe 20 Aprili, ilhali malipo yake, yakifika kwa wakati, yatafika mwanzoni mwa Juni. Kwa mauzo ya shilingi 600,000 kodi hiyo ni shilingi 96,000, ukiondoa kile alichokwisha kulipa kwenye malighafi, na hutoka mfukoni mwa mtu ambaye bado hajaona fedha ya achari yake. Mnunuzi akichelewa mwezi mmoja zaidi, mwenye kiwanda huenda benki kukopa kwa riba, na riba hiyo hula faida yote ya chupa. Nakumbuka Bi Mkubwa akiniambia siku moja, nikiwa nimerudi mikono mitupu kutoka kwa mnunuzi mmoja, "Mwanangu, mimi siku hizi siuzi achari. Nakopesha." Nikamjibu, "Ndiyo, mama, lakini wamesema ankara haijaonekana."

Jibu hilo, kwamba ankara haijaonekana, nililisikia mara nyingi mno kutoka kwa watu ambao naamini hawakuwa wakidanganya. Nilipohamia upande wa supamaketi ndipo nilipoelewa ankara hupotelea wapi. Haipotelei katika idara ya fedha. Hupotelea mlangoni, mahali mzigo unaposhushwa, alfajiri.

Mwenye kutaka kuijua kazi ya ugavi na asimame katika sehemu ya kupakulia ya ghala saa kumi na moja alfajiri, malori yakiwa yamepanga foleni na matingo wakipiga miayo. Karani wa kupokea mizigo ana oda iliyotoka ofisini kwetu. Dereva ana hati ya makabidhiano na ankara. Tuseme oda ni ya katoni 40 za achari, kila katoni chupa 12. Makuli wanashusha, karani anahesabu, anafungua katoni chache kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu kanuni yetu ni kwamba bidhaa ifike ikiwa na angalau theluthi mbili za uhai wake. Achari inayokaa miezi 12 isiwe na chini ya miezi minane iliyobaki. Katika katoni moja anakuta chupa mbili zimevunjika na mafuta yamechafua zilizobaki. Anaikataa katoni hiyo, anaandika 39 kwenye hati ya kupokelea, na lori linaondoka. Kila mtu amefanya kazi yake. Lakini ankara inasema 40.

Sasa ankara hiyo inafika ofisini, na kompyuta inalinganisha nyaraka tatu: oda inasema 40, hati ya kupokelea inasema 39, ankara inasema 40. Zisipolingana, mfumo husimamisha malipo yote, na si ya katoni moja tu. Ili kuirekebisha ankara hiyo, msambazaji anatakiwa kutoa hati ya kupunguza deni, na siku hizi ni lazima ipitie eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, kwa maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki katika hesabu za kodi za kampuni. Hilo lingechukua nusu saa kama msambazaji angejua. Mara nyingi hajui. Dereva alirudi na katoni moja iliyovunjika akaiweka pembeni, karani wa mauzo hakuambiwa, na yule wa idara ya fedha anaona mamia ya ankara zilizosimama bila kujua ipi imesimama kwa katoni moja na ipi imesimama kwa wizi. Miezi miwili baadaye mtu wa mauzo anakuja kuulizia, na anaambiwa ankara haijaonekana. Fedha za katoni 39, ambazo hazina ubishi wowote, zimelala kwa ajili ya chupa mbili.

Ndiyo maana naitilia mkazo sehemu ya kupakulia kuliko mambo mengine yanayoonekana ya kisasa zaidi. Kwetu sasa lori haliondoki kabla ya karani na dereva kutia saini tofauti iliyoonekana, na taarifa ya tofauti hiyo hutumwa kwa msambazaji siku hiyohiyo, ikiwa na picha ya bidhaa zilizokataliwa. Picha hukata mabishano. Karani wa kupokea mizigo, ambaye katika kampuni nyingi hulipwa mshahara wa chini kabisa ghalani, ndiye anayeamua kama kiwanda fulani kitalipwa kwa wakati, na nimepigania mshahara wake uongezwe kwa sababu hiyo. Pia nimekataa kabisa desturi ya kuwafanya madereva wangoje hadi saa saba mchana ili mzigo wao upokelewe na karani aliyekwisha kuchoka, maana makosa mengi ya hesabu hutokea saa hizo.

Kosa jingine linalomuumiza msambazaji bila yeye kujua hutokea upande wa pili wa duka, kwa keshia. Kila bidhaa ina msimbopau wake wa tarakimu 13, na zile zilizosajiliwa hapa Kenya huanza na 616. Achari ya embe ina namba yake na achari ya ndimu ina yake, hata kama chupa zinafanana na bei ni moja. Mteja anakuja na chupa tatu za embe na tatu za ndimu. Foleni ni ndefu. Keshia anapitisha chupa moja ya embe kwenye mashine na kubonyeza sita. Mteja amelipa sawasawa, droo ya fedha haina upungufu, na hakuna anayelalamika. Lakini kompyuta sasa inaamini kwamba zimetoka chupa sita za embe na kwamba ndimu haikuguswa. Jambo hili likirudiwa kwa majuma kadhaa, mfumo unaonyesha kuna chupa 18 za ndimu kwenye rafu ambayo kwa kweli ni tupu, na kwa kuwa oda hutolewa na mfumo pale akiba inaposhuka chini ya kiwango, oda ya ndimu haitoki kamwe. Mwisho wa robo mwaka, ofisa wa manunuzi anasoma ripoti inayosema achari ya ndimu haiuziki, na anapendekeza iondolewe. Mwenye kiwanda anapokea barua ya kuondolewa bidhaa ambayo wateja walikuwa wakiitafuta na kuikosa. Nimesimamisha barua za namna hiyo mara kadhaa kwa kumtuma mtu akaitazame rafu yenyewe kwa macho, na sasa ni kanuni yetu: bidhaa yoyote ambayo kompyuta inasema ipo lakini haijauzwa kwa majuma mawili, ikahesabiwe kwa mkono kabla ya kuhukumiwa. Keshia nao wameelezwa sababu. Nimeona kwamba mtu akiambiwa tu kuwa ni marufuku hurudia, lakini akielezwa kwamba kubonyeza kwake sita kunaweza kufunga pipa la ndimu la mtu huko Mombasa, huacha.

Kuhusu makadirio ya mauzo yenyewe sitasema mengi, kwa maana hesabu yake ni ya kawaida: unachukua mauzo ya wastani kwa siku, unazidisha kwa siku zinazopita kati ya kuagiza na kupokea, unaongeza akiba ya tahadhari. Mfumo wowote mzuri unaiweza. Kinachoushinda mfumo ni maisha ya watu. Mfano ninaoupenda ni wa Ramadhani, kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa na nilikuta wenzangu wakishangazwa nayo kila mwaka. Kompyuta hulinganisha wiki hii na wiki kama hii ya mwaka jana. Lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku zipatazo 11. Mwaka 2023 mfungo ulianza katika wiki ya nne ya Machi. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi. Na mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mfumo usioelezwa hilo huleta tende, tambi, unga wa ngano na sukari kwa wingi baada ya watu kuanza kufunga, na huzirundika baada ya Idi. Tende hutoka ng'ambo kwa meli, na kontena lisipokuwa limetoka bandarini Kilindini wiki tatu au nne kabla ya mwezi kuandama, limechelewa. Na tende iliyobaki baada ya Idi ni deni: ama duka linaiuza kwa hasara, ama, jambo ambalo ni baya zaidi, linamrudishia mwagizaji na kukata fedha zake kwenye ankara nyingine.

Hapo ndipo kosa la makadirio linapogeuka kuwa dhuluma. Aliyeagiza kupita kiasi ni sisi, kwa kompyuta yetu na kwa kutojua kalenda, lakini anayebeba hasara ni yule aliyeleta tulichomwagiza. Nimewahi kukaa katika vikao ambamo kurudisha bidhaa kulitajwa kama njia ya kupunguza hasara, kana kwamba hasara ikihamia kwa mwingine imekwisha. Haijakwisha. Itarudi msimu ujao kwa sura ya bei iliyopandishwa, au ya oda inayofika nusu, au ya mwagizaji anayekupa tende za daraja la pili na kuzipeleka zile nzuri kwa anayemtendea haki.

Kwamba kuchelewa kwa malipo hutoboa rafu hata pale ambapo si duka linalochelewesha, tulilishuhudia sote mwaka 2022. Julai ya mwaka huo, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi, ambayo bei yake ilikuwa imepita shilingi 200, iuzwe kwa shilingi 100, na wasagaji wafidiwe tofauti. Nia yake ilikuwa njema kwa wananchi, na njaa ilikuwepo. Lakini mahindi sokoni hayakushuka bei siku hiyo, msagaji alitakiwa kuyanunua kwa bei ileile ya juu, auze kwa nusu, kisha angoje fidia, na haukupita muda wasagaji wakaanza kulalamika hadharani kwamba fidia haiji. Unga ukaadimika. Robota moja lina pakiti 12, na kulikuwa na asubuhi ambapo tawi lililozoea kupokea lori zima lilipata marobota machache, yakaisha kabla ya saa tatu. Tuliweka kiwango cha pakiti kwa kila mteja. Kinamama waliokuja kwa matatu kutoka mbali, wakiwa na shilingi 100 mkononi kwa sababu wamesikia tangazo redioni, waliwakuta wafanyakazi wetu mlangoni wakieleza jambo lisiloelezeka. Malori yalikuwepo, vinu vilikuwepo, wateja walikuwepo. Kilichokosekana ni imani ya msagaji kwamba atalipwa, na hakuna ratiba ya usafiri niliyoweza kuipanga ili kuijaza nafasi hiyo.

Sheria haikunyamaza juu ya mambo haya. Sheria ya Ushindani ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2016 na tena mwaka 2019 ili kukataza mnunuzi mwenye nguvu kumkandamiza muuzaji wake: kumchelewesha malipo bila sababu ya haki, kumtwisha hasara na gharama zisizo zake, kumtishia kumwondoa. Mkataba unatakiwa kuonyesha tarehe ya malipo. Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko na imewahi kuwaadhibu wanunuzi wakubwa. Ninaiheshimu sheria hiyo na ninaitumia katika hoja zangu ofisini. Lakini mwenye kiwanda cha achari hashitaki. Anajua kwamba akishinda kesi huenda akapoteza rafu, na rafu ndiyo inayomlipia maembe. Malalamiko yanayomfikia afisa wa serikali ni yale ya watu waliokwisha kukata tamaa na mnunuzi wao, na kwa wakati huo pengo limekwisha kuonekana dukani. Ulinzi unaoweza kumfaa kabla ya hapo uko ndani ya kampuni, kwa mtu anayeona oda, mapokezi na ankara kwa pamoja, na katika kampuni nyingi mtu huyo ni meneja wa ugavi.

Wenzangu wa idara ya fedha wana hoja, nami nazisikiliza. Wanasema kwamba mtaji wa duka ni mdogo, kwamba kuwalipa wote ndani ya siku 30 kungehitaji mkopo wa benki, na kwamba riba ya mkopo huo ingeishia kwenye bei ya pakiti. Ni kweli. Ila mkopo ule upo tayari; tofauti ni kwamba leo unachukuliwa na Bi Mkubwa, mmojammoja, kwa riba ya juu kuliko ile ambayo kampuni yenye matawi kadhaa ingepewa na benki hiyohiyo, na riba hiyo iko ndani ya bei ya achari tunayoiuza. Kampuni kubwa za sabuni na mafuta ya kupikia zinaweza kungoja siku 60. Zina hazina zao, na zikichoka husimamisha mzigo na sisi tunatii. Wanaoumia ni wazalishaji wadogo, na jumla ya wanachotudai, ukiiweka kando ya deni la wakubwa watano au sita, ni sehemu ndogo ambayo hata hesabu zetu zenyewe zinaonyesha inalipika. Kuwacheleweshea hao hakuliokoi duka lolote. Kunaumiza tu.

Mabadiliko tuliyokubaliana hadi sasa ni machache lakini yanafanya kazi. Ripoti ya kila Jumatatu inayoonyesha bidhaa zilizokosekana kwenye rafu sasa ina safu nyingine pembeni, inayoonyesha kila msambazaji wa bidhaa hizo anadai kiasi gani na muda wake umepita kwa siku ngapi. Safu hiyo ilipingwa mwanzoni kwa madai kwamba inaingilia idara nyingine. Ilipowekwa, haikuchukua muda mrefu kwa wakurugenzi kuona kwamba majina yaleyale yanajitokeza pande zote mbili. Ankara iliyosimama kwa tofauti ndogo hulipwa sehemu isiyo na ubishi, na tofauti hushughulikiwa kando. Wazalishaji wadogo wa vyakula wamewekwa kwenye kundi la malipo ya siku 30, na bidhaa mbichi za mashambani hulipwa kila wiki. Bidhaa iliyobaki kwa sababu tuliagiza kupita kiasi hairudishwi, isipokuwa mwenyewe ameomba.

Lililobaki mezani ni ombi langu kuhusu msimu wa maembe. Nimependekeza kwamba wasindikaji wa Pwani wapewe oda za mwaka mzima ifikapo Septemba, pamoja na malipo ya awali ya sehemu ya oda hiyo mwezi wa Oktoba, ili wafike Malindi na Kilifi Novemba wakiwa na fedha mkononi. Wakurugenzi wameniuliza tutafanya nini iwapo msindikaji atachukua malipo na kushindwa kuleta mali, na ni swali la haki. Nimewajibu kwamba tuanze na wale ambao tuna kumbukumbu za mapokezi yao za miaka kadhaa, katoni kwa katoni, na kwamba kiasi hicho cha awali kisizidi kile wanachozoea kutudai mwezi huohuo. Uamuzi utatolewa katika kikao cha Agosti.